Kiti Katika Sinema ya Fidla Kubwa

RISALA YA KAMATI YA SINEMA, KIJIJI KIPYA, KANYAKINE, KWA MEMSAHIBU FERRIS, AGOSTI 1956

Mgeni rasmi Memsahibu Ferris, Bwana D.O., Chifu wetu Rwamba, na ninyi nyote mlioruhusiwa kutoka mashambani mapema leo ili mpige makofi:

Kabla ya jambo lolote tunaomba tujisifu kidogo. Katika kijiji hiki hakuna mwoga. Na katika kamati hii hakuna hata mtu mmoja mwenye jamaa aliyezuiliwa katika kambi za Hali ya Hatari. Tumekaguliwa, tumekaguliwa tena, na tuko safi kama sufuria ya mgeni.

MAKARIBISHO

Karibu, Memsahibu. Tumefagia njia kutoka langoni hadi hapa, tumetia chokaa mawe, na wale mbuzi wawili wanaopenda kula bendera tumewafunga.

Risala hii imeandikwa na Katibu wetu, Kinoti, kijana aliyefika kidato cha pili, na ndiye anayeisoma. Ukisikia akitajwa humu kama mtu mwingine usishangae. Alifundishwa shuleni kwamba katibu hana “mimi”, naye anaipenda sana sheria hiyo.

Kwa amri ya Chifu, karatasi yoyote inayosomwa mbele ya Mzungu sharti iwe na maneno ya shahidi asiye mwanakamati, na msomaji ayasome kwa sauti mpaka mstari wa mwisho. Shahidi wetu ni Bi Mwanarusi, muuza chai wa sokoni, mke wa Rashid mwenye bucha. Tulimwachia mistari miwili chini. Alirudisha karatasi asubuhi ya leo ikiwa imekunjwa, nasi hatukuikunjua sehemu yake, kwa heshima.

HISTORIA

Kijiji chetu ni kichanga, kina miaka miwili. Zamani kila mtu aliishi kwenye shamba lake, amezungukwa na migomba na uvivu. Ndipo Serikali ikatuonea huruma, ikatukusanya mahali pamoja na kutupa handaki bure kabisa. Kuchimba tulichimba wenyewe.

Sinema ilitufikia mwezi wa Juni. Kabla ya hapo lori la sinema lilikuja mara mbili, mara ya kwanza na inzi mkubwa kama ndama, mara ya pili na Mzungu anayepiga mswaki. Safari hii tuliambiwa anakuja Memsahibu mwenye filamu za namna mpya: hakuna inzi, hakuna meno, ila picha za wachoraji, viti, vyungu, vitambaa na nakshi za kila aina, na pembeni muziki wa fidla kubwa iitwayo selo. Kwa heshima yako amri ya kutotoka nje ilisogezwa kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili. Kwa saa mbili hizo peke yake, Memsahibu, tungekutazama hata ungeonyesha ukuta.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa ni jinsi tulivyouelewa muziki wako mara moja.

Ulionekana kwenye pazia jeupe umekaa, na katikati ya magoti yako pana kitu cha mbao, kina tumbo, kimefungwa pande zote. Watu wa hapa wanakijua kitu cha mbao chenye tumbo kilichofungwa pande zote. Ni mzinga wa nyuki. Kisha ukavuta ule upinde, na kipaza sauti kikaanza kunguruma.

“Nani ametikisa mzinga?” akauliza Mzee Njura, ambaye ana mizinga arobaini kule Mitunguu na masikio yake yamekwisha fundishwa.

“Si mzinga, mzee,” Rashid wa bucha akamjibu. “Huyo mama anapasua mbao. Tazama msumeno.”

“Msumeno gani hautoi unga? Hao ni nyuki, na wamekasirika! Leteni moshi! Laleni!”

Mama Karambu alikwisha funika vichwa vya watoto wake kwa leso. Nyuki hamsumbui aliyelala kifudifudi, jambo hilo hapa hata mtoto wa kunyonya analijua. Kufumba na kufumbua nusu ya kijiji ilikuwa chini. Mtu mwema akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi ukapanda, na zile picha za wachoraji wa Ulaya tukazitazama kama kupitia mawingu. Bwana askari wa lango naye alilala, bunduki na yote.

Tunasikia uliandika kwenye daftari lako kwamba watazamaji “walianguka kifudifudi kwa kuguswa na muziki”. Memsahibu, acha hivyo hivyo. Usifute.

Filamu ya pili, ile ya vikombe na viti vya Ulaya, ilitukuta tumekwisha keti tena. Mzee Njura alikuwa ameridhika kwamba nyuki hao ni wa Kizungu na hawatoki ndani ya kitambaa. Alisema hata wimbo wao si mbaya, ila unafanana na mtu anayetaka kulia na amekatazwa.

Filamu ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa. Ulituonyesha kazi za mikono za Waafrika: vikapu, vibuyu, vijiko, halafu kiti kimoja cha miguu mitatu. Selo ikashuka chini kabisa. Kamera ikasogea kwenye ukingo wa kiti, na pale pakaonekana mikato mitatu, na chini yake mkunjo kama mwezi mchanga. Sauti ya filamu ikasema, “Tazameni pambo hili la asili.”

Hakuna aliyelala.

“Hilo si pambo,” akasema Mzee Njura polepole. “Hiyo ni alama ya mzinga.”

“Mzee, shusha sauti,” akanong'ona Rashid. “Askari yuko pale.”

“Nishushe vipi? Nimepanda miti na mwenye alama hiyo miaka ishirini. Angalia mkato wa tatu ulivyopinda. Kidole chake gumba hakikunjiki.”

Tukueleze, Memsahibu, kwa kuwa wewe ni mtu wa nakshi. Hapa kwetu kila mwenye mizinga ana alama yake, anaichonga kwenye mlango wa mzinga ili mwingine asimrinie asali. Haiigwi. Mtu haweki alama ya mwenzake, kama vile havai mguu wake.

Mama Karambu aliondoa leso, akasimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikajaa pazia. Bila shaka alikuwa akinyoosha miguu. Katibu wetu, kwa bidii yake ya kawaida, alikwenda nyuma ya lori kumsaidia dereva na dainamo, akakaa huko mpaka filamu ikaisha. Ndiyo maana hakuonekana mbele ya picha wala hakusikika.

SHIDA

Shida zetu ni ndogo, hazifai kumchosha mgeni. Maji yako mbali. Lango hufunguliwa jua limekwisha panda, na nyani huamka mapema kuliko askari.

Shida nyingine ni ya fundi mmoja wa mizinga. Kabla ya kijiji aliishi upande huu, mtu wa miaka arobaini na kitu, lakini hakuwa jamaa wa mtu yeyote tunayemjua. Siku ya msako mkubwa, miaka mitatu iliyopita, alipandishwa kwenye lori pamoja na patasi yake. Tangu hapo aliyekwenda kuuliza ofisini aliambiwa jina hilo halimo kwenye orodha ya kambi yoyote. Akienda tena anaambiwa mtu asiye kwenye orodha huenda hayupo duniani. Wazee wamesema baada ya mvua ya Oktoba mizinga yake igawanywe, kama ya marehemu.

Tunalitaja jambo hili kama habari tu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba filamu ya tatu irudiwe leo, na pale penye kiti mashine iende polepole, kama inawezekana isimame kabisa.

Pili, kamati yetu haina kiti. Mwenyekiti hukaa juu ya debe. Kiti kile cha miguu mitatu kimetupendeza mno, tungependa kuagiza kingine kwa fundi yule yule. Kwa hiyo tunaomba utuambie ulikipigia picha wapi, mwaka gani, na kama fundi alikuwepo, alionekanaje, je, alikuwa anakohoa. Maswali haya ya mwisho ni ya kawaida kwa mtu anayenunua kiti.

Tatu, ukipata jibu, utuandikie barua. Iandikwe “Kamati ya Sinema”. Jina la mtu halihitajiki.

Memsahibu, barabara ikupokee vizuri, upinde wako usikatike nywele, na huko uendako ukute watu wameketi. Mungu akuweke.

Ni sisi wenye kijiji na wenye shukrani,
KAMATI YA SINEMA, KIJIJI KIPYA, KANYAKINE
Kinoti, Katibu

MANENO YA SHAHIDI

Mimi Mwanarusi nimesoma yote yaliyo juu. Ya nyuki ni kweli. Ya Rashid na msumeno ni kweli, na nyumbani bado tunamcheka. Mistari miwili haikunitosha, nimegeuza karatasi.

Yasiyo kweli ni haya. Dereva hakuhitaji msaada na dainamo, nilikuwa nimempelekea chai na alikuwa anainywa. Kinoti nilimkuta nyuma ya gurudumu, ameuma mkono wa shati, akisema baba, baba, mdomo umefungwa ili askari asisikie.

Kinoti mwanangu, najua umekunja uso sasa. Endelea kusoma. Najua pia uliandika kwenye fomu ya cheti cha utiifu kwamba baba yako amekufa, ili upewe ukarani. Wengi wameandika hivyo na mimi sikulaumu. Lakini nimepeleka chai yangu mpaka nje ya ofisi ya kambi miaka yote hii na nimeona: habari za mtu wa kambini hupewa mkewe au mwanawe. Hawampi kamati. Hawampi mnunuzi wa viti. Memsahibu akiwauliza kwa niaba ya debe la mwenyekiti, atajibiwa na nani?

Memsahibu, fundi wa kiti anaitwa Munyi. Aliyesimama kwenye mwanga wako ni mkewe, Mama Karambu, yuko hapo mbele amevaa leso ya buluu. Huyu kijana anayekusomea, jina alilotia sahihi ni nusu tu.

Kinoti, Chifu amesema mpaka mstari wa mwisho. Soma nusu iliyobaki, kwa sauti, mama yako asikie.

Kinoti wa Munyi.