Bibi Dorika binti Alute na Ng'ombe wa Nadhiri

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Jumatano tarehe 5 Machi 1958, ni Bibi Dorika binti Alute. Alizaliwa karibu na Ikungi yapata mwaka 1893, kabla Wajerumani hawajajenga boma Singida.

Shule hakuiona. Aliingia darasa la ubatizo mwaka 1927, akiwa mtu mzima, akajifunza kusoma. Amri ya kuwaheshimu baba na mama hakuikariri tu. Mama mkwe wake alipopooza, alimlisha kwa mkono wake hadi alipofariki, wala jirani hakusikia nung'uniko.

Mwaka 1912 aliolewa na Zefania, aliyemtangulia mwaka 1939. Mtoto wao aliyekua ni mmoja, Melkizedeki, mzee wa kanisa letu.

Kazi ya marehemu ilikuwa jembe. Alilima uwele na mtama, na uzeeni alikuwa na ng'ombe mmoja jike, mwekundu. Maziwa ya asubuhi aliyagawa nusu kwa nusu na jirani yake Luciana, kipofu asiye na mtoto.

"Dorika, leo umenipunja," Luciana alizoea kumtania akitikisa kibuyu. "Kinacheza hiki!"

"Kunywa, bibi wewe! Macho huna, mikono yako inapima kuliko mizani ya dukani."

Sikukuu ya mavuno ya mwaka 1956, Melkizedeki alisimama kanisani akamwekea nadhiri ng'ombe huyo: angetolewa kwa Bwana siku ya kufungua kanisa jipya, ambalo hadi leo halijaisha. Vigelegele vilipigwa. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ni wa nani, wala aliyemtazama mama aliyekaa benchi la nyuma, ameinamisha kichwa kama aliyepigwa. Kesho yake mwana alimswaga ng'ombe hadi Puma, akamweka kwa rafiki yake mwenye zizi lililojaa.

Kwetu mwenye ng'ombe humweka mmoja kwa asiye naye, ili maskini apate maziwa na samadi. Wazee wetu walifanya hivyo kabla Injili haijafika. Sisi tuliobatizwa tumemnyang'anya mjane, tukampelekea tajiri, tukaimba Haleluya!

Januari mwaka huu marehemu alishikwa na kifua. Mganga wa zahanati alisema apewe uji wa maziwa. Bibi alijikongoja kwa fimbo hadi kwa mwanawe.

"Mama, yule ni wa Bwana," mwana alimjibu. "Nadhiri haivunjwi."

"Mwanangu, huyo Bwana anakamua saa ngapi? Nami nipitie na kibuyu changu."

Alirudi mikono mitupu. Aliyemuuguza ni Luciana, akipapasa ua hadi mlangoni na bakuli la uji wa uwele usio na maziwa. Wazee wa kanisa walikuja mara moja tu, wakaomba, wakaondoka. Marehemu alifariki alfajiri ya jana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Luciana.

Na leo asubuhi ng'ombe mwekundu amerudi! Amefungwa pale uani na ndama wake, na visu vinanolewa, kwa sababu msiba wa mama wa mzee wa kanisa hauwezi kukosa nyama. Nadhiri iliyokataa kufunguka kwa kikombe cha maziwa imefunguka kwa mapishi ya wageni. Bwana Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao kwa kusema "ni wakfu." Tulifundishwa neno hilo kanisani kwetu.

Juzi, mbele ya mwinjilisti Gaspari, marehemu alisema: "Wataniletea ng'ombe wangu nikiwa sili. Asichinjwe. Luciana apewe, na ndama wake. Melkizedeki mwambieni nimemsamehe, lakini asimle." Mwinjilisti yupo hapa, aulizwe.

Kwa hiyo wanaonoa visu waviweke chini. Tutakula uji, kama alivyokula yeye, bila maziwa.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Melkizedeki, mkwe, Felista, wajukuu wanne, akiwamo Theodora, aliyeandika na anayesoma wasifu huu mbele ya baba yake, na Luciana, ambaye si wa damu, lakini ndiye aliyekuwa mtoto.

Bibi Dorika apumzike kwa amani. Sisi tusiijue amani hiyo mpaka kamba ya ng'ombe yule iwe mkononi mwa Luciana.