Jicho la Pili la Daruma

KURIHARA: Haloo? Nani mwenzangu?

HOSAKA: Hosaka, wa ofisi ya kampeni! Umeamkaje, fundi?

KURIHARA: Salama. Ongeza sauti, unakatika-katika.

HOSAKA: Tumeshinda! Saa nne mbunge anampaka daruma wako, yule mwanasesere wa bahati uliyetutengenezea, jicho la pili kwa kuwa ombi limetimia. Njoo tuinue mikono tushangilie!

KURIHARA: Hongera. Hata mimi nilimwandika kwenye kura. Kwa penseli, kwa mkono wangu.

HOSAKA: Si najua! Wewe ni wetu—

KURIHARA: Nilimwandika kwa ajili ya magari ya kuzoa theluji aliyotuahidi. Sasa namsikia redioni, eti wananchi wameamua, mke achukue jina la ukoo la mume, mjadala umefungwa. Nani kaamua?

HOSAKA: Fundi, kura ndiyo—

KURIHARA: Kile kikaratasi kina nafasi ya jina moja tu. Niliandika lake. Wapi niliandika la binti yangu lifutwe?

HOSAKA: Siasa bwana, huwezi—

KURIHARA: Gazeti la hapa liliuliza watu. Saba kwa kumi wanataka mke abaki na jina lake akipenda. Haohao waliomchagua!

HOSAKA: [kwa sauti ndogo] Hata mke wangu Fumie anataka. Yupo hapa anamimina chai. Usinitaje.

KURIHARA: Ahaa!

HOSAKA: Nimesema usinitaje!

KURIHARA: Binti yangu Shiori na mwenzake Naoto mwaka wa nne huu hawajaandikisha ndoa, sababu sheria inalazimisha jina moja. Juzi Naoto kalazwa hospitali. Nesi akamuuliza Shiori, wewe ni nani wake?

HOSAKA: Akajibuje?

KURIHARA: Muulize mbunge wako.

HOSAKA: Sasa fundi—

KURIHARA: Daruma yuko hapo?

HOSAKA: Yuko mezani, na jicho lake moja.

KURIHARA: Mpindue. Chini pameandikwa nini?

HOSAKA: Subiri... "Kurihara Shiori."

KURIHARA: Ndiye aliyeuchora uso huo. Nakuja naye. Mbunge asiguse brashi mpaka alisome jina hilo mbele ya kamera, kisha amwambie Shiori machoni kwamba mjadala umefungwa.

HOSAKA: Usinifanyie hivyo! Waandishi wote watakuwa—

KURIHARA: Ndiyo maana nakuja. Akikataa, nambeba daruma wangu, chongo hivyohivyo.

HOSAKA: Ngoja nimpigie kwanza, tuyamalize kimya—

KURIHARA: Kimya tumekaa miaka minne. Shiori keshawasha gari. Chaji inaish—

HOSAKA: Haloo? Haloo! Kurihara! ...Fumie? Kumbe ulikuwa unasikia! Usiifiche, rudisha hiyo brashi ya mbunge!