Waliotoa Mikono Kwanza

Leonia alikuwa amefumba macho akisali rozari kwenye gari la kutoka Chala, lakini masikio hayakumtii. Kiti cha mbele dada mmoja alikuwa akimweleza mzee mfugaji kwamba tangu korona iingie hamruhusu mama yake, mgonjwa wa pumu, kutoka nje, na mama analilia misa.

"Nawe baba unasema chanjo itapatikana. Nani kakwambia?"

"Ng'ombe wangu," alijibu mzee. "Homa ya mapafu ilimaliza zizi la jirani, langu likapona kwa chanjo. Na mimi nilikuwa nimeikataa. Mke wangu aliwafungulia wataalamu zizi nikiwa mnadani."

"Mama yangu si ng'ombe."

"Ndiyo maana wanachelewa, mwanangu. Ng'ombe haombwi ridhaa. Huko wanakoijaribu, watu wenye afya zao wamejitolea kuchomwa kwanza, ili mama yako asiwe wa kujaribiwa."

Leonia alisahau amefika punje gani ya rozari, akaanza kuwaombea watu hao. Kumbe mtu anaweza kumtolea mkono wake bibi wa Ufipa asiyemjua.

"Na ikishindikana?" dada aliuliza.

"Watatafuta nyingine."

"Mama ana miaka themanini na sita, baba. Hawezi kusubiri nyingine."

Gari liliposimama Sumbawanga, mzee alimpokea dada kikapu chake cha ulezi, akauliza taratibu, "Mama anaitwa nani?"

"Kalista."

Leonia alishuka akilitaja jina hilo kimoyomoyo.