Chupa ya Nyanjige

"Presha imeshuka, mwanangu! Mizizi hii imenitoa kaburini!" Nyanjige alimtikisia chupa msichana aliyekaa naye kwenye gari la abiria, Noah ya kutoka Kasoli. Nyuma yao abiria mwingine, Ngeleja, akatega sikio. Kusikiliza hakulipiwi nauli.

"Na vidonge vya hospitali, mayu, mama yangu, unameza?" aliuliza yule msichana, ambaye alikuwa muuguzi. "Vyote! Kwa nini nichague?" "Daktari anajua?" "Hajaniuliza. Mganga ndiye aliyeniuliza, akataka hadi cheti cha kliniki!"

"Basi leo mwonyeshe daktari hiyo chupa! Huenda ni vidonge vilivyoishusha presha. Huenda vinagombana na mizizi humo tumboni!" "Akinifokea je?" "Bora afoke akijua!"

Noah ikasimama kwenye geti la hospitali. Ngeleja akashuka wa kwanza, akaisukuma chupa yake mwenyewe ya mizizi chini kabisa ya mfuko wa koti.