Aliyevuka Barabara Kuangalia Herufi Zake

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Fundi Herufi, mchoraji wa mabango. Niseme mapema: nimekuja na hasira, na sitaificha.

Kama umewahi kusoma "Mikate ya moto" au "Tunaziba pancha" kwenye ukuta wowote wa mtaa huu, umesoma mkono wake. Rula hakuwa nayo. Akimaliza mstari aliweka brashi chini, akavuka barabara, akasimama ng'ambo na kuangalia kazi yake kwa mbali. Herufi ikiinama kidogo tu, aliiona. Alirudi akairekebisha. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

Mbali aliona vizuri kabisa. Karibu ndiko kulikomsumbua. Wenzake walimtania, "Fundi, wewe unaona mbali." Naye akawajibu, "Ndiyo maana siwaoni nyinyi mlio karibu." Miwani ilimkera. Ilijaa rangi, ikamteleza puani akiwa juu ya ngazi.

Kisha kliniki moja ya macho ikampa kazi ya ukuta. Maneno waliyotaka ni mawili: "Tupa miwani." Akayaandika kwa rangi nyekundu, yakapendeza. Na katika kuyaandika, akayaamini.

Mke wake, mshonaji wa mapazia, alimsindikiza siku ya kutibiwa macho kwa leza pale kliniki. Aliuliza pale mapokezi, "Kuna jambo tujiandae nalo?" Akajibiwa, "Mama, ni dakika chache tu. Kesho kutwa baba yuko kazini." Basi. Hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza. Hakuna.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Fundi aliisogeza brashi karibu na uso akaikagua unywele kwa unywele. "Mama watoto, kumbe hii kitu imechakaa hivi?" Lakini alipotazama dirishani, nyumba za mbele zilikuwa na ukungu. "Karibu nimepata," alisema. "Mbali kumepotea." Mke akapiga simu kliniki. Wakamwambia, "Avumilie, macho yatazoea." Wakakata simu.

Nimemuuliza daktari mwingine wa macho. Amenieleza taratibu, na kila neno lilinichoma. "Anayetibiwa tatizo hili la kutoona karibu," alisema, "mara nyingi mwanzoni huona karibu vizuri, na mbali huwa na ukungu. Hutulia baada ya wiki kadhaa, wengine miezi. Macho hukauka, yanahitaji matone. Usiku taa huonekana zimezungukwa na duara. Na umri ukisogea, miwani ya kusomea inaweza kurudi. Haya yote mgonjwa huambiwa kabla. Na huambiwa asiendeshe gari, wala asivuke barabara peke yake, mpaka apimwe tena."

Narudia, wasikilizaji. Ukungu ule ni wa kawaida, na hupita. Fundi Herufi hakuwa anapofuka. Alikuwa anapona. Alihitaji kuambiwa tu.

Hakuambiwa. Siku iliyofuata, kama walivyomwelekeza, alikuwa kazini, kwenye ukuta wa duka la vipuri. Akamaliza mstari. Akaweka brashi chini. Akavuka kwenda kuangalia herufi zake. Dada yake, anayeuza matunda hapo hapo, alimwona amesimama ng'ambo amekunja uso. "Akaniita, 'Dada, zimenyooka?' Nikamwambia zimenyooka. Akaanza kurudi. Lori mimi niliona. Yeye hakuona."

Kliniki ilituma maua. Maua, ndugu zangu.

Kwa mama mshonaji, kwa dada, kwa watoto na mafundi wenzake wote, poleni sana. Poleni kwa msiba ambao sentensi moja ingeuzuia. Nawe unayejiandaa kwenda, leza yenyewe usiiogope. Mwogope anayekuharakisha. Muulize: mbali nitaonaje, kwa muda gani, na barabarani itakuwaje? Akikujibu kwa tabasamu, chukua miwani yako uondoke.

Na ukipita pale kliniki, tazama chini ya "Tupa miwani." Mjane ameongeza maneno yake, kwa brashi ya mumewe: "Mwanzoni hutaona mbali vizuri. Usivuke peke yako." Watu wa kliniki wamekwisha kuyapaka chokaa mara mbili. Juzi ameandika tena. Herufi zake zimepinda. Nimesimama ng'ambo ya barabara, nikazisoma zote.