Mama Vitufe na Kifaa Kilichokosa Salamu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu ya vifaa saidizi, ambaye sote tunamwita Mama Vitufe, anastaafu. Aliajiriwa kwa miezi mitatu ili atengeneze redio za ofisi. Redio zilipona, yeye hakuondoka.

Ni mtu wa kazi safi na ulimi mkali. Waya uliounganishwa ovyo huurudisha mezani bila maelezo.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, tuligawa vifaa kumi na viwili vya kusemea kwa watu wenye ulemavu wa akili: mtumiaji hubonyeza picha, kifaa hutamka. Baada ya miezi miwili, tisa vilirudishwa, safi kama vilivyotoka. Ripoti ilisema kuwa watumiaji hawakuvimudu, na mradi ukapangiwa kufungwa. Mama Vitufe aliomba wiki moja.

Alichukua kimoja cha vilivyorudishwa, akakipeleka tena kwa fundi cherehani aliyeishi na bibi yake mzee, watoto wake na dada yake wa miaka thelathini na minne, asiyeweza kutamka neno. Bibi alipoingia sebuleni, dada huyo alibonyeza bila kukosea: "Nataka chai." Bibi akakunja uso.

"Mjukuu wangu alikuwa na adabu zake," alimwambia Mama Vitufe, "mpaka mlipomletea hicho kidude cha kuamrisha wakubwa."

Kumbe dada yule alikimudu vizuri. Sisi ndio tuliokosea: tuliweka kila namna ya kutaka, hatukuweka salamu hata moja.

Palepale Mama Vitufe aliweka "Shikamoo" mbele, na "Naomba" mahali pa "Nataka". Kisha akaongeza "Marahaba", ambayo hakuna aliyeiomba, kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kumwamkia yule dada. Watoto wa fundi cherehani waliporudi kutoka shuleni, walimwamkia shangazi yao kwa mzaha ili wasikie kifaa kikijibu. Kufikia siku ya tatu mzaha ulikuwa umekwisha. Walikuwa wakimwamkia mkubwa wao.

Mradi haukufungwa. Siku hizi hakuna kifaa kinachotoka karakanani kabla ya fundi kuketi nyumbani kwa mtumiaji na kusikiliza watu wa nyumba hiyo wanavyozungumza.

Mama Vitufe, tunakushukuru. Tunakuombea afya, nafasi, na wajukuu watakaovumilia kukosolewa. Maisha yako ya mbele yawe mema. Ama ile ripoti, niliiandika mimi. Naifuta leo, mbele ya wote.