Kupumzishwa Kwaya

Nilikuwa nimempakata mwanangu kwenye basi la jioni. Mbele yetu fundi cherehani wa makamo, vidole vimemvimba kwa baridi yabisi, alimweleza jirani yake wa kiti kwamba kwaya imempumzisha kwa sababu ya magoti.

"Si wanakuhurumia, dada? Kusimama muda wote ule na magoti hayo!"

"Kaka yangu, anayepumzishwa huwekewa shada la maua. Mimi bado nakula."

Jirani akacheka. Yeye ana kisukari, akasema, na vikao vya kanisa aliviacha mwenyewe kabla hajaambiwa aache. "Ukikaa nyumbani hakuna wa kukusumbua."

"Wala wa kukuita. Ugonjwa uko magotini, sauti iko kooni. Leo naenda kuimba nimekaa."

"Wenzako wote wamesimama, wewe umekaa kama bibi harusi? Wakikutoa je?"

"Wanibebe basi. Na mimi si mwepesi."

Mwanangu alicheka, ingawa yeye huchekea hata ukuta. Basi liliposimama, fundi alishuka kinyumenyume, akiushika mlango kwa mikono miwili. Jirani akamteremshia mkoba wake, huku akimwambia kwamba bado hajakubaliana naye.